Ukisikia Israeli "imeondoka": namna mpima ardhi anavyoisoma habari hiyo

Kijiweni kwetu Magomeni, ubishi wa Gaza ukianza hata wacheza drafti huacha kete zao. Mmoja anasema Israeli ikirudisha ardhi iliyoiteka mwaka 1967, vita vimekwisha. Mwingine anamrukia: si iliondoka Gaza mwaka 2005? Ikavuna nini zaidi ya maroketi? Kahawa inapoa, watu wanaondoka wamenuniana.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Nimeweka bikoni, zile nguzo za mipaka ya viwanja, Mbagala, Kinyerezi na Bunju, na nimekaa kati ya majirani walioshikiana mapanga kwa sababu ya uchochoro. Kwa jicho la kazi ile, wabishi wote wawili wanaruka hatua. Ardhi inaweza kukabidhiwa, inaweza pia kutelekezwa, na matokeo yake hayafanani hata kidogo. Ninavyoichambua habari ya aina hiyo ni hivi, nawe jaribu kijiweni kwako.

Weka Maandiko pembeni, kwa heshima

Kwa Dar hili ndilo gumu kuliko yote. Ndugu yetu mlokole atafungua kitabu cha Mwanzo na ahadi aliyopewa Ibrahimu. Shehe naye atakukumbusha kwamba kibla cha kwanza kilikuwa Jerusalem. Usimkatalie yeyote. Sema tu, "Wazee wangu, hayo tunayaheshimu, ila hayatuonyeshi bikoni ya kaskazini iko wapi." Watu watacheka, sauti zitashuka.

Kisha weka sharti: anayetaja maiti wa upande mmoja ataje na wa upande wa pili. Siku ya 7 Oktoba 2023, Hamas, kundi la Wapalestina lenye silaha lililokuwa likiitawala Gaza, na wenzao waliua watu wapatao 1,200 Israeli, wakiwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Vita vilivyofuata viliua Wapalestina zaidi ya 60,000 Gaza, kwa hesabu ya wizara ya afya ya huko. Anayelikataa sharti hilo anatafuta ushabiki, na kwa ushabiki tuna Simba na Yanga. Akitokea wa kusema mambo haya hayatuhusu, mwambie serikali ya Mwalimu Nyerere ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, na ukarejeshwa mwaka 1995. Tumo siku nyingi.

Ijue mistari

Anza na Mstari wa Kijani. Huo ni mstari wa kusitisha mapigano wa mwaka 1949 kati ya Israeli na majirani zake Waarabu; waliousaini hawakuuita mpaka wa kudumu. Kipande cha Jerusalem kilichorwa Novemba 1948 na makamanda wawili, Moshe Dayan wa Israeli na Abdullah al-Tal wa Jordan, kwa penseli nene juu ya ramani ya kipimo cha 1:20,000. Penseli ile iliacha alama yenye upana wa milimita tatu hadi nne. Piga hesabu: ardhini hiyo ni mita 60 hadi 80. Nyumba za watu zililala ndani ya upana wa penseli! Kijana angeniletea mchoro wa namna ile ofisini, ningemrudisha chuoni siku hiyohiyo.

Juni 1967, ndani ya siku sita, Israeli iliuvuka mstari huo na kuchukua Ukingo wa Magharibi wa Mto Jordan pamoja na Jerusalem ya Mashariki, Gaza, Sinai ya Misri na Milima ya Golan ya Syria. Shika na ukubwa wake. Gaza ni kilomita za mraba 365, kama robo ya Mkoa wa Dar es Salaam. Ukingo wa Magharibi ni takriban 5,600. Na Mwisraeli anayeogopa kuurudia Mstari wa Kijani ana hoja ya kusikilizwa: palipo pembamba zaidi, kutoka mstarini hadi baharini ni kilomita kama 15, yaani safari ya mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Kimara.

Uliza nani alisaini kupokea

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, maana jibu la hili linakupa karibu kila kitu.

Sinai ilikabidhiwa. Mkataba ulisainiwa Washington tarehe 26 Machi 1979, Sadat kwa Misri, Begin kwa Israeli, Rais Carter wa Marekani akishuhudia. Israeli ikaondoka kwa awamu na kumaliza Aprili 1982, ikabomoa hata mji wake wa Yamit, wanajeshi wakiwatoa kwa nguvu walowezi, yaani raia wao waliohamia kuishi huko. Sadat alikuwa ameuawa Oktoba 1981 na askari wake mwenyewe, lakini mkataba haukufa naye. Misri ilikubali kuweka askari wachache tu karibu na mpaka, na kikosi cha kimataifa kipo Sinai hadi leo kuhakikisha hilo.

Na bado walibishana juu ya nguzo! Zilikuwa nguzo 14 za mpaka wa mwaka 1906, na iliyowakera zaidi ni namba 91 ya Taba, ufukweni, ambako Waisraeli walikwishajenga hoteli. Hawakurushiana risasi. Walipeleka shauri kwa wasuluhishi Geneva, wakaja na ramani za kale na nyaraka. Mwaka 1988 Misri ikashinda Taba, na Machi 1989 ikakabidhiwa. Kijiweni huwa naisimulia kesi hii polepole, maana hakuna anayeitarajia: mataifa mawili yaliyopigana vita vikubwa mara nne, yakamaliza ugomvi wa kiwanja cha hoteli kwa karatasi.

Sasa weka Lebanon na Gaza kando yake. Mei 2000 Israeli ilitoka kusini mwa Lebanon usiku usiku, bila mkataba. Umoja wa Mataifa ulichora Mstari wa Buluu na kuthibitisha kwamba imetoka, lakini hakukuwa na serikali iliyosaini kupokea na kulilinda eneo. Hezbollah, kundi la Walebanoni lenye silaha, wakajaza nafasi, wakatangaza kwamba bunduki zao ndizo zilizomfukuza adui. Mwaka 2006 vikazuka vita vya siku 34.

Gaza, Agosti na Septemba 2005, ni hivyohivyo. Waziri Mkuu Ariel Sharon aliondoa makazi yote 21 ya walowezi, watu kama 8,000, pamoja na makazi manne madogo ya Ukingo wa Magharibi. Mahmoud Abbas, kiongozi wa Mamlaka ya Palestina, alikuwapo na alitaka mazungumzo, lakini Sharon aliamua peke yake. Kwa hiyo aliyeamini mazungumzo hakuwa na cha kuwaonyesha watu wake, na aliyeamini silaha alikuwa nacho. Januari 2006 Hamas ikashinda uchaguzi. Juni 2007 ikaitwaa Gaza kwa bunduki. Sisemi mkataba ungezuia kila roketi, maana wapo waliokuwa wakirusha hata kabla ya 2005, na waliorusha wanabeba dhambi yao wenyewe. Ninachosema ni kwamba ukitelekeza ardhi, unamchagulia mwenye silaha awe mrithi.

Tazama kilichobaki mkononi

Israeli iliondoka Gaza ikabaki na anga, bahari, daftari la wakazi na njia karibu zote za kuingia na kutoka. Ni sawa na mwenye nyumba anayekupa ufunguo wa chumba huku geti, bomba na mita ya LUKU akibaki navyo yeye. Ndiyo maana Israeli ikisema "tuliwaachia", Mpalestina anauliza tuliachiwa nini hasa. Ukisoma habari ya kuondoka popote, pitia orodha hiyo kwa kidole: anga, bahari, maji, mipaka, ushuru wa forodha.

Ukingo wa Magharibi usiupime kwa Gaza

Kule kuna vipande. Makubaliano ya mwaka 1995, yaliyofuata yale ya Oslo ya 1993 kati ya Israeli na Wapalestina, yaligawa eneo mara tatu: A, asilimia 18 hivi, chini ya Wapalestina, B, kama 22, utawala wa Wapalestina na ulinzi wa Israeli, C, kama 60, chini ya Israeli. Ulikuwa mpango wa muda wa miaka mitano. Nchini kwetu pia tunajua mpango wa muda unavyoweza kuzeeka.

Wakati huohuo walowezi wameongezeka hadi nusu milioni hivi, bila kuhesabu zaidi ya 200,000 wa Jerusalem ya Mashariki. Linganisha na wale 8,000 wa Gaza, ambao kuwatoa tu kulitikisa Israeli nzima. Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba ukaaji wa Israeli katika maeneo yaliyotekwa ni kinyume cha sheria na ukome haraka iwezekanavyo. Maoni ya aina hiyo yana uzito, ila hayana tingatinga.

Mtu akikuambia basi hakuna kilichowahi kujaribiwa, mpe habari ya mwaka 2008. Ehud Olmert, waziri mkuu wa Israeli wakati huo, alimwonyesha Abbas ramani ya kurudisha takriban asilimia 94 ya Ukingo wa Magharibi na kufidia sehemu kubwa ya iliyobaki kwa ardhi ya Israeli. Akakataa kumwachia nakala mpaka asaini. Abbas akaichora upya kwa mkono kwenye karatasi, kwa kukumbuka. Olmert tayari alikuwa ametangaza kujiuzulu, na shauri likafa. Mimi hapo nawalaumu wote wawili: hakuna mpima anayemtaka mteja asaini ramani asiyoweza kuondoka nayo, na aliyeonyeshwa ramani kama ile angerudi kesho yake asubuhi na jibu.

Jaribu njia hii kwa habari za karibuni

Chukua usitishaji wa mapigano wa Oktoba 2025 kati ya Israeli na Hamas. Israeli ilirudi nyuma hadi "mstari wa njano" ndani ya Gaza na kubaki na zaidi kidogo ya nusu ya eneo, ikaweka matofali makubwa ya zege yaliyopakwa rangi ya njano. Novemba mwaka huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2803, linaloruhusu kikosi cha kimataifa.

Mstari upo, na bikoni zake zinaonekana. Anayepokea alitajwa kama kamati ya Wapalestina chini ya usimamizi wa bodi ya kimataifa, na Hamas walitakiwa kuweka silaha chini. Anga na bahari vilibaki vilevile. Mizani yangu inasema huko ni kusogea, na kukabidhi bado. Kwa hiyo picha za vifaru vikigeuza njia zisikupotezee muda. Tafuta katika habari jina la Mpalestina aliyesaini, tazama kama ana polisi anaowalipa mshahara, kisha uone kama matofali yale ya njano yanasogea kuelekea mashariki au kuelekea baharini.