Unaenda kupasuliwa gego na we ni mtu wa fegi au ugoro? Panga haya mapema

Kama umepangiwa kutolewa gego la mwisho, lile lililolala kwa ndani mpaka daktari akate fizi na saa ingine alipasue jino vipande ndo litoke, na we unavuta au unatumia ugoro, jua una kazi mbili: woga wa kabla na arosto ya baada, yaani ile hali mbaya ya mwili kukosa nikotini. Wengi wanajiandaa na woga tu. Arosto inawakuta siku ya pili ya tatu wako home taya limevimba, hawana cha kufanya, mangi yuko hapohapo nje anauza fegi mojamoja, na ndo balaa linapoanzia, maana siku hizohizo hamu ya nikotini inapanda juu kabisa ndo hizohizo donge la damu lililoziba shimo la jino bado halijashika vizuri.

Hilo donge ndo la kulinda. Likitoka mapema mfupa unabaki wazi, watu wa meno wanasema shimo kavu, na maumivu yake huanza kama siku ya pili mpaka ya nne hivi, yanapanda mpaka sikioni, mdomo unanuka, panado haifui dafu. Mvutaji yuko kwenye hatari zaidi kwa sababu kule kufyonza kunavuta donge, moshi unaunguza kidonda, na nikotini yenyewe inabana mishipa ya damu kwahiyo kidonda kinapona taratibu. Shisha na vape usijidanganye, ni kufyonza kulekule. Ugoro nao, na huku kwetu Dodoma wanaoutumia ni wengi, ule wa kubana mdomoni unakaa karibu na kidonda alafu unakulazimisha kutema muda wote, na kutema kwa nguvu kunang'oa donge. Wa kunusa unaleta chafya, na kama gego lilikuwa la juu, karibu kabisa na uwazi wa pua, chafya ya nguvu ndo hutakiwi kuwa nayo.

Sasa kabla. Kama siku ya upasuaji bado iko mbali anza kupunguza sasa hivi, usingoje asubuhi yenyewe, maana ukikata ghafla siku hiyo utakaa benchi mikono inatetemeka ukidhani unaogopa sindano kumbe nusu yake ni fegi uliyoikosa. Baada ya jino kutoka, masaa 72 ndo kima cha chini kabisa bila kuvuta, wiki nzima au mbili ni bora zaidi. Pakti iliyobaki mpe mtu kabisa, usiifiche kabatini, utaikumbuka tu. Washikaji unaovuta nao waambie. Kuna plasta za nikotini za kubandika kwenye ngozi, hazifyonzwi, ila nikotini ni ileile kwahiyo muulize daktari kwanza na ulizia duka la dawa mapema. Bigijii za nikotini achana nazo kwa siku hizo, kutafuna sio kazi ya taya lililoshonwa.

Kuhusu woga, mwambie daktari waziwazi kwamba unaogopa, hakucheki, kila siku anaona watu wazima wameshika viti kwa mikono miwili. Kubalianeni ishara, mfano ukinyoosha mkono anasimama. Ganzi ikishika utasikia kusukumwa na milio ya jino kukwaruzwa, ila sio maumivu makali, na ukisikia maumivu sema, anaongeza. Moyo kwenda mbio kidogo baada ya sindano mara nyingi ni ile adrenalini iliyochanganywa kwenye ganzi, inapita. Omba nafasi ya asubuhi ili usishinde unawaza. Kama ni ganzi ya sindano tu kunywa chai na kula vizuri kabla, kuzimia kwenye kiti kwa njaa kupo. Kama utalazwa usingizi hapo unakaa bila kula masaa utakayoelekezwa, kwa kawaida 6, na usibishane nao.

Taja pia presha, sukari, mimba kama ipo, dawa za kuyeyusha damu, aleji ya penisilini, na idadi ya fegi kwa siku. Usipunguze idadi kwa aibu, sio mama mkwe huyo.

Kama unatokea Kondoa au Mpwapwa kuja hospitali ya General au Benjamin Mkapa hapa Dodoma, tafuta ndugu wa kulala kwake mjini usiku huo, damu ikigoma kukata ukiwa njiani utapata tabu. Nunua vitu kabla: barafu ya kuweka shavuni dakika 20 unapumzika, mtindi, parachichi, uji wa kunywa vuguvugu kwa kikombe na sio kwa mrija. Ugali laini na mlenda ukishapoa unateleza wenyewe. Bisi, karanga, zabibu zenye mbegu, na hasa ubuyu, weka mbali, ubuyu ni kumung'unya mwanzo mwisho. Vumbi la Dodoma unalijua, beba barakoa.

Ukitoka ng'ata gozi, kile kitambaa cha kidonda utakachowekewa, nusu saa mpaka saa zima bila kuchungulia kila dakika. Siku ya kwanza usisukutue kabisa, kesho yake ndo maji vuguvugu na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, unazungusha kichwa taratibu na kuyaacha yamwagike yenyewe. Lala umeinua mto. Ukipewa flajili (dawa ya kuua bakteria) pombe hapana, wine ya Dodoma haiendi popote, na pombe ndo inayoita fegi. Hamu ikija huwa haikai, dakika chache tu, tembea, oga, piga simu.

Uvimbe kupanda mpaka siku ya tatu ni kawaida. Ukizidi baada ya hapo, au homa, kushindwa kumeza, damu isiyokata, rudi siku hiyohiyo. Na kama ulishindwa ukavuta alafu maumivu yakakurudia, usikae nayo nyumbani unabugia vidonge: nenda useme umevuta, watasafisha shimo na kuweka dawa ndani, nafuu huja haraka, na watakupangia siku ya kurudi kuibadilisha.