Ndoo ya pedi katika vyoo vya kazini: tulivyofanya kiwandani kwetu

Nasimamia usafi katika kiwanda cha kubangua korosho mkoani Mtwara. Wengi wa wafanyakazi wetu ni wanawake. Jambo hili nilianza kulishughulikia siku fundi bomba alipofunua chemba uani na kuanza kuvuta waya: kila akivuta zinatoka pedi, zimevimba, nzito, akizirundika pale pale juani. Akina mama waliokuwa wanakwenda kula walipita wameinamisha vichwa. Iliniuma sana.

Pedi nyingi za dukani zina chembechembe za kunyonya maji na tabaka la plastiki. Ikiingia kwenye bomba hunywa maji, huvimba na kukwama. Mlangoni kulikuwa na tangazo la kukataza kutupa pedi chooni, lakini pa kuzitupa hatukuwa tumepaweka.

Kwa hiyo weka ndoo ndani ya kila choo cha wanawake. Ndoo moja ya pamoja karibu na sinki haisaidii, maana hakuna atakayetoka na pedi mkononi akapita mbele ya foleni. Vyoo vyetu ni vya kuchuchumaa na tunatumia maji, sakafu hailali kavu. Tuliinua kila ndoo juu ya matofali mawili, ukutani upande wa mbele, pale mkono unapofika bila mtu kuinuka. Chagua ndoo yenye mfuniko wa kukanyaga, ya lita 10 hivi, isiyoonyesha kilichomo. Ukutani, juu, maji yasikofika, tundika kifuko cha magazeti yaliyokatwa vipande vya kufungia.

Ndani ya ndoo weka mfuko wa taka. Muuzaji mmoja alinikatalia akisema mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. Marufuku iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ni ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Ya taka imeruhusiwa.

Kwetu kuna jambo moja la ziada. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na mbanguaji akibadilisha pedi na mikono ile ataumia vibaya. Tuliweka bomba na sabuni kabla ya mlango wa choo, pamoja na lile la kunawa wakati wa kutoka. Kama kazi yenu ni ya rangi, saruji au dawa za shambani, fanyeni hivyo hivyo.

Baada ya yote hayo, wiki mbili ndoo zilikaa tupu.

Nikakaa na akina mama wa umri mkubwa chini ya mkorosho, wakati wa mapumziko, nikawauliza. Mmoja akaniambia, "Mwanangu, damu yangu siiachi mahali nisipojua inakwenda wapi." Wenzake wakaitikia. Wengi wetu tulifundwa unyagoni kwamba kitambaa cha hedhi hakionwi na mtu, sembuse kuangukia mikononi mwa mwenye nia mbaya. Sikubishana nao, maana hata mimi nilifundwa hivyo. Tulikuwa tumeshakubaliana na kituo cha afya cha jirani watuchomee kwenye tanuri lao la taka kwa malipo, ila hatukuwa tumemwambia mtu. Nikawachukua watano kwenye gari la kiwanda, wakasimama pale mpaka mifuko ikaisha kuungua. Wao ndio waliowaeleza wenzao, na wiki ile ile ndoo zikaanza kutumika.

Ndiyo maana nakuambia: kabla hujanunua hata ndoo moja, jua taka hizi zitaishia wapi, kisha waambie wanawake wote. Usizichome kwenye shimo la wazi. Pedi mbichi huungua juu juu tu, na moshi wa plastiki yake ni sumu.

Ndoo zimwagwe kila siku baada ya zamu, hata kama hazijajaa. Joto la Mtwara halisubiri. Mhudumu wetu ni mwanamke. Huvaa glavu nene, aproni na buti, hufunga mfuko mdomo bila kuushindilia wala kuufungua, kisha huuweka kwenye pipa lenye kufuli, kivulini, hadi siku ya kupelekwa, Jumanne na Ijumaa. Ndoo huoshwa kwa sabuni kwanza, halafu kwa jiki: ikiwa ni ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji. Jiki isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, hutoa hewa ya sumu. Mwajiri amlipie chanjo ya homa ya ini B, dozi zote. Na kazi hii iandikwe kwenye mkataba wake na ihesabiwe katika saa zake. Hapa nilivutana na meneja kwa muda mrefu, na nisingekubali kushindwa.

Usisahau vyoo vya wanaume. Aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume anaweza kuvuja mkojo kwa miezi na akahitaji kuvaa pedi. Mzee mmoja kazini alinifuata jioni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama na wao wangeweza kupata ndoo. Kesho yake tuliiweka, ndani ya choo cha mwisho, chenye komeo zima.