Jinsi ya kukagua shamba kabla ya kununua mayai na nyama

Kuandika "mayai ya kienyeji" kwenye kipande cha boksi hakumgharimu muuzaji chochote. Mnunuzi ndiye anayelipa zaidi kwa sababu ya neno hilo. Mimi nanunulia mgahawa mayai, kuku na mbuzi kutoka mashamba ya Kibaha, Kisarawe na Mkuranga, na msimamo wangu ni mmoja: sinunui jina, nanunua banda nililoliona. Ninavyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kupanda gari

Kuku wa kienyeji anayejiokotea hutaga mayai kama 40 hadi 60 kwa mwaka. Akishataga kumi na kitu anaatamia, kisha analea vifaranga, na muda huo wote hatagi. Kuku wa kisasa wa mayai akitunzwa vizuri anavuka 280.

Kwa hiyo muulize muuzaji kwenye simu mambo mawili tu: ana mitetea wangapi, na anatoa trei ngapi kwa wiki. Trei 10 kwa wiki ni mayai 300, yaani 15,600 kwa mwaka. Ili kuku wa kienyeji wafikishe idadi hiyo, inabidi awe na mitetea kati ya 260 na 390. Akikwambia anao 40, mayai mengine yanatoka kwingine. Pengine anakusanya kwa majirani, na hapo omba ukawaone na hao. Pengine ni chotara kama Kuroiler au Sasso. Mimi chotara nanunua bila wasiwasi wakifugwa vizuri, ila nataka niambiwe kuwa ni chotara na bei iendane na hilo.

Hatua ya 2: Usiwe wewe unayepeleka ugonjwa

Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, husafiri kwa viatu, magari na trei zilizotumika. Nenda shamba moja tu kwa siku, na viatu viwe vimeoshwa. Usibebe trei kuukuu kutoka sokoni. Na kama wewe mwenyewe unafuga kuku nyumbani, badilisha nguo kabla ya kuondoka na ukirudi pia.

Mfugaji akikukanyagisha dawa mlangoni, au akikuambia uangalie kupitia wavu bila kuingia, usijisikie vibaya. Huyo anajua kazi yake. Anayenitia shaka mimi ni yule anayemwingiza kila mgeni bandani na viatu vyake vya barabarani.

Omba kufika saa saba au saa nane mchana, jua likiwa kali. Asubuhi karibu kila banda linapendeza.

Hatua ya 3: Simama mlangoni kwanza, usiseme kitu

Pua ndiyo inayotangulia. Harufu ya kuku ni ya kawaida, lakini macho yakianza kuwasha, hiyo ni amonia ya kinyesi kilicholowa, na kuku wanaivuta usiku na mchana. Omba mfugaji achote maranda ya chini na kuyakaza kiganjani. Yakishikamana kama donge, banda ni bichi. Yakimomonyoka anapofungua mkono, ni makavu.

Kisha tazama nyayo. Mwombe amshike kuku mmoja na kukugeuzia miguu. Unyayo mzima ni laini na safi. Ukiwa na kidonda cheusi katikati, kuku huyo amesimama kwenye unyevu kwa muda mrefu, na hakuna maneno ya mwenye shamba yanayoweza kukifuta.

Tazama na kifua: wote wakihema midomo wazi na mabawa yameshushwa, hewa haipiti. Kwa kuku wa mayai wanaolala juu ya maranda, watano au sita kwa mita moja ya mraba wanatosha. Angalia pia kama wana viota vya kutagia penye giza kidogo. Kuku asiye na pa kujificha anataga popote, na mayai yanachafuka.

Rangi ya kiini isikudanganye. Kuku anayekula mahindi meupe na pumba hutoa kiini kilichopauka hata akiwa na afya njema. Mahindi ya njano na majani hukikoleza. Ladha ya samaki kwenye yai, hiyo ni dagaa waliozidi kwenye chakula.

Hatua ya 4: Zungumza na anayelala shambani

Mara nyingi mwenye mali anaishi mjini, na kuku wanamjua kijana anayewalisha. Msalimie vizuri, muulize habari za kazi, kisha muulize: "Mara ya mwisho waliugua lini? Mliwapa dawa gani? Mayai ya siku zile mliyapeleka wapi?"

Swali la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Dawa za antibayotiki zina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti, na baadhi haziruhusiwi kabisa kwa kuku ambao mayai yao yanaliwa. Jibu ninalolitaka ni kwamba yale mayai yalitupwa. Omba kuona daftari la chanjo na matibabu. Chanjo ya mdondo ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo tarehe zionekane. Shamba lisilo na daftari siliachi papo hapo, lakini sichukui mzigo hadi lianze kuandika.

Hatua ya 5: Nyama

Kwa mbuzi, shusha kope la chini la jicho. Wekundu wa ndani ni dalili njema. Ukiwa mweupe, mbuzi ana upungufu wa damu, na mara nyingi ni minyoo.

Kwa nguruwe, mambo yanageuka. Watu wengi wanaamini mnyama anayezurura ndiye bora. Nguruwe anayezurura anakula kinyesi cha binadamu na kupata funza wa tegu kwenye nyama; anayekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni, na binadamu akimeza mayai ya tegu yanayotoka na kinyesi, funza wake wanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Anayenunua kitimoto atafute shamba lenye banda lililofungwa na choo kinachotumika kweli.

Nyama ya biashara ichinjwe machinjioni na ipigwe mhuri wa mkaguzi. Kumwona mnyama akiwa hai hakuchukui nafasi ya ukaguzi huo. Kuku wasafirishwe kwenye tenga lenye nafasi, si kwa kuning'inizwa kichwa chini kwenye pikipiki.

Hatua ya 6: Anza na trei moja

Yatumbukize machache kwenye maji: yai jipya linalala chini, la siku nyingi linasimama, linaloelea liache. Usiyaoshe kabla ya kuyahifadhi, maana maji huondoa utando unaolilinda ganda. Mpe mfugaji majibu, mabaya na mazuri, na umlipe kwa wakati. Dawa na chakula vinanunuliwa kwa fedha hiyo hiyo.

Kisha rudi wakati wa masika, Aprili hivi, na uombe tena yale maranda yakazwe kiganjani. Banda lililokuwa kavu Januari huenda lina paa linalovuja.