Hama Google taratibu, usije ukakosa wateja

Wakuu, unatafuta bei ya injini ya mtumbwi mara moja tu, halafu matangazo ya mainjini yanakuganda wiki nzima. Kama umechoka na hayo hama, ila usihame kwa mkupuo. Mimi nilikurupuka nikafuta Gmail usiku, asubuhi nakumbuka akaunti ya ajira portal niliisajili kwa imeili ile ile, nikarudi mbio kuirudisha. Bahati muda ulikuwa haujapita mrefu.

Anza na brauza maana haina maumivu. Weka Firefox kwenye simu ya Android, ingia kwenye viongezo uweke uBlock Origin ya kuzuia matangazo, kwenye kutafuta weka DuckDuckGo. Basi. Matangazo yanakatwa na bando nalo linapumua, na kusema kweli bando ndo lilinishawishi mimi kuliko hata hiyo faragha.

Ramani weka Organic Maps, ukiwa kwenye WiFi pakua kabisa ramani ya huku kwetu, hapo hata ukishuka Nansio kule Ukerewe mtandao umegoma unatembea nayo tu. Foleni za magari haikuonyeshi na maduka madogo madogo mengi hayamo.

Sasa imeili, hapa ndo kuna kazi so usiwe na haraka. Fungua ya bure Proton, wale wa Uswisi, au Tuta ya Ujerumani. Chukua daftari, daftari la karatasi kabisa, uandike kila kitu kilichosajiliwa kwa Gmail yako: ajira, mkopo wa chuo, benki, Facebook, vyote, na ukitaka kukumbuka vizuri tafuta humo humo Gmail neno "karibu" na "welcome" utashangaa mwenyewe ulivyojisajili hovyo. Halafu kila siku badilisha viwili vitatu. Wakati huo Gmail iwe inakutumia barua kwenye imeili mpya, hiyo setingi kwenye app haipo, fungua Gmail kwa brauza ya kompyuta ndo utaikuta. Ya zamani usiifute, ila uwe unaingia mara moja moja maana ikikaa miaka 2 bila kuguswa Google wanaweza kuifuta wao. Na lingine, Proton watakupa maneno ya kurejeshea akaunti, yaandike kwenye daftari lile lile ulifiche, sababu ukisahau paswedi unaweza kupewa nyingine ukaingia lakini barua za zamani hazifunguki bila hayo maneno, hata wao wenyewe hawawezi kuzisoma na ndo raha yenyewe hiyo.

Picha: zile GB 15 za bure zinagawana picha, barua na Drive, ndo maana zinajaa. Ingia Google Takeout, ukurasa wao wa kuchukua vitu vyako, chagua picha peke yake, watakutumia linki ya mafaili ya zip. Pakua kwa WiFi ya mtu, weka kwenye hard disk, ufungue uzione kwa macho yako ndo ufute kule.

WhatsApp iache mwisho. Meseji zake zenyewe zimefungwa asisome mwingine, kwa mfumo uliotoka Signal, app nyingine ya meseji, shida ni kwamba Meta wenye WhatsApp bado wanaona unaongea na nani na saa ngapi. Tena bakapu ya Google Drive haifungwi mpaka uende kwenye setingi za bakapu uwashe ulinzi wake mwenyewe, hiyo fanya leo leo hata kama huhami. Mimi wateja wangu wa dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, wote wapo WhatsApp, na mnunuzi wa Kongo hawezi kupakua Signal kwa ajili yangu bana, kwa hiyo biashara imebaki huko, Signal ni ya familia na mambo ya pesa. Mama nilimwekea mwenyewe nilipovuka kwenda Sengerema, sasa ananipigia video huko huko, ila kila tukimaliza ananiuliza status za watu ziko wapi.