SOMO: Kuivisha rangi ya mvule kwa jua kabla ya kupaka mafuta

Kila wiki naulizwa lilelile: "Fundi, mlango wangu wa mvule umetoka njano, nipake rangi gani uwe kahawia?" Usipake rangi. Mvule una kahawia yake, na jua ndilo linaloitoa. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1: Mbao ziwe kavu. Mbichi zitapinda.

Hatua ya 2: Piga randa, kisha msasa namba 120 na 180. Funika pua na mdomo, vumbi la mvule lina madhara kifuani.

Hatua ya 3: Futa vumbi. Usipake kitu.

Hatua ya 4: Anika. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kinachobadili rangi si joto, ni mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho. Inanyonywa na lignini, ile gundi inayoshika nyuzi za mti, na haizami hata robo ya milimita. Kwa hiyo chochote kitakachokaa juu ya ubao kitaacha alama: jani la mwembe, kamba, futi iliyosahauliwa. Nimeona mlango Ngamiani, hapa Tanga, una umbo zima la bisibisi, mpini hadi ncha, na mwenyewe anausugua kwa sabuni akidhani ni doa la mafuta. Tafuta uwanja usiopitiwa na kivuli, inua mbao kutoka chini, na ugeuze pande zote mbili kwa muda sawa.

Anika na kipande cha ubao uleule, nusu yake umeifunika kwa katoni. Kila jioni inua katoni ulinganishe. Rangi ikikuridhisha, basi. Msiniulize siku ngapi. Jua la kaskazi mwezi wa Januari si sawa na mawingu ya masika.

ONYO: Ubao usinyeshewe mvua. Lignini iliyovunjwa na jua huoshwa na maji, zikabaki nyuzi tupu, na ubao ukaanza kuwa kijivu. Umande nao ni maji, ingiza ndani kila jioni.

Hatua ya 5: Msasa 240 kwa mkono mwepesi sana. Tabaka lenye rangi ni jembamba, ukikaza unarudi kwenye njano.

Hatua ya 6: Mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani), tabaka nyembamba, kila moja ikauke.

MASWALI

Kijana wa Pongwe: Mkuu, kwa hiyo naanika siku ngapi?
— Hatua ya 4. Isome.

Kijana wa Pongwe: Nimesoma, ila nilishapiga vanishi ya nje.
— Basi hukusoma ya 3. Vanishi nyingi za nje zimetiwa dawa ya kuzuia mionzi hiyohiyo. Ikwangue yote, uanze upya.

Mama Sahare: Shikamoo fundi. Mitiki ya Longuza nayo inakubali? Yangu ina michirizi.
— Marahaba mama. Inakubali vizuri. Mitiki iliyopasuliwa karibuni huwa na michirizi, na mwanga huipunguza, rangi ikalingana.

Mwanafunzi Chumbageni: Kama jua haliingii ndani, kuna mionzi inayoingia?
— Swali zuri sana. Mionzi ya gamma inapenya ubao mzima. Wenye mitambo hunyonya hewa iliyomo ndani ya mti, wakaujaza plastiki ya majimaji, kisha gamma ya kobalti-60, metali inayotoa mionzi hiyo, ikaigandisha humohumo. Ubao unakuwa mzito, mgumu, unafaa kwa sakafu inayokanyagwa sana. Grenoble, Ufaransa, wanaokoa hivyo sanamu za mti zilizotafunwa na wadudu. Dozi ikizidi mno, selulosi, yaani nyuzi zenyewe, hukatika na mti ukawa dhaifu. Lakini mti wenyewe haubaki na mionzi. Si kazi ya karakana. Vyanzo hivyo vinadhibitiwa na Tume ya Nguvu za Atomu. Na gamma si ngeni Tanga: mbung'o madume waliohasiwa kwayo hapahapa ndio waliopelekwa Unguja miaka ya 1990, hadi mbung'o wakaisha kisiwani.

Mama Sahare: Linsidi sina, mafuta ya nazi je?
— Hayakauki mama, yatashika vumbi. Na ukipata linsidi, matambara yake usiyarundike, hujiwasha moto yenyewe. Yaloweke kwenye ndoo ya maji.