Elektrostatiki au dainamiki: namna ya kuchagua hedifoni za kusikilizia muziki kwa makini

Kabla hujauliza zipi zina sauti nzuri zaidi, jiulize utakuwa wapi ukizivaa. Jibu la swali hilo huondoa nusu ya mashaka, lakini wengi hulifikiria mwisho kabisa, pesa ikiwa imeshatoka. Hedifoni za dainamiki, yaani zile za kawaida zilizozoeleka, unaweza kuzichomeka kwenye simu, kompyuta, mikisa au amplifaya, na kote huko zitatoa sauti. Za elektrostatiki zina amplifaya yake maalumu ambayo kwa kawaida hukaa mezani na kuchomekwa kwenye umeme wa ukutani. Bila hiyo hazitoi hata mnong'ono. Kampuni ya Shure ilijaribu kuvunja mwiko huo mwaka 2015 kwa KSE1500, elektrostatiki za kuingiza sikioni, zenye kisanduku cha betri cha kubeba mfukoni, lakini za namna hiyo ni chache mno.

Jambo la pili ni watu ulio nao chumbani. Karibu elektrostatiki zote ni za wazi: unachosikia wewe, aliye kando yako anakisikia pia, na kelele za nje zinakuingilia moja kwa moja. Ukisikiliza safarini, au usiku pembeni ya mtu aliyelala, tafuta dainamiki za kufungwa. Uamuzi umekwisha, na hujapoteza kitu.

Wewe mwenye kona yako tulivu na kiti unachokalia saa nzima bila kuinuka, endelea kusoma. Nikwambie mapema ninakoegemea: nazipenda sana elektrostatiki, na ndizo ninazovaa nikitaka kusikiliza kwaya au piano kwa moyo wote. Kazi ya kuhariri sauti naifanya kwa dainamiki. Wengi wanaoniomba ushauri nawaelekeza kwenye dainamiki, kwa sababu nitakazozieleza.

Kinachotikisika ndani

Kwenye dainamiki, koili ya waya mwembamba imegandishwa nyuma ya utando na kuning'inia katika mwanya wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, sumaku huisukuma mbele na nyuma, na utando huenda nayo. Ufundi huu una umri: kampuni ya Beyerdynamic ilitoa hedifoni za DT 48 mwaka 1937. Ugumu wake ni kwamba nguvu inashika pale tu koili ilipogandishwa, na sehemu nyingine za utando zinaburutwa. Kwenye sauti za juu, zinazobadilika mara maelfu kwa sekunde, utando hauendi wote kwa pamoja; kingo hubaki nyuma, au hujikunja. Mbunifu mzuri hulidhibiti jambo hilo kwa umbo na malighafi ya utando, na wapo waliolidhibiti vizuri sana.

Elektrostatiki haina koili wala sumaku. Ina plastiki nyembamba iliyopakwa dawa inayopitisha umeme kwa shida, ikawambwa kama ngozi ya ngoma katikati ya bamba mbili zenye matundu. Utando huo huchajiwa kwa volti nyingi zisizobadilika, zinazoitwa bayasi. Kwa hedifoni za sasa za Stax, kampuni ya elektrostatiki, zenye plagi iitwayo Pro, bayasi ni volti 580. Muziki wenyewe hupelekwa kwenye zile bamba, kila moja kinyume cha mwenzake, hivyo moja inavuta huku nyingine inasukuma, na nguvu hiyo inaushika utando wote kwa wakati mmoja, katikati hadi pembeni.

Uzito wake ndio unaonishangaza mpaka leo. Chukua utando wa unene wa maikromita 1.5: ukiupiga hesabu, una uzito sawa na tabaka la hewa lisilofika milimita 2. Yaani kinachosukumwa kinakaribia kuwa hewa yenyewe. Ndiyo maana noti ikikoma, utando nao unatulia mara moja. Sikiliza matoazi yanavyofifia, pumzi ya mwimbaji kabla ya neno, au sauti nne za kwaya zikiimba pamoja huku kila moja ikibaki na nafasi yake. Hapo ndipo elektrostatiki nzuri hunifanya nisahau nilichokuwa nikifanya.

Usizichanganye na zile zinazoitwa planari. Nazo zina utando mpana, lakini utando huo umechorwa njia za umeme na kuzungukwa na sumaku. Kwa upande wa amplifaya, zihesabu pamoja na dainamiki.

Aina si sauti

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa na matangazo. Kinachotawala unachokisikia ni mgawanyo wa sauti: besi kiasi gani, sauti za kati kiasi gani, za juu kiasi gani. Hedifoni ya elektrostatiki iliyopangwa vibaya, yenye sauti za juu zilizozidi, itakuchosha kabla wimbo wa tatu haujaisha, hata utando wake uwe mwepesi namna gani. Sennheiser HD 600 ni dainamiki iliyotoka mwaka 1997, na bado ni mizani ninayopimia nyingine zote kwa sauti ya binadamu. Ikiwa elektrostatiki unayoitamani inamfanya mwimbaji unayemjua aonekane amebadilika koo, iache.

Besi inahitaji uangalizi wake. Ile ya elektrostatiki nzuri hushuka chini sana na kila noti inasomeka, ila kishindo cha ngoma kubwa kifuani ni kazi ambayo dainamiki nyingi huifanya kwa moyo zaidi. Mpenzi wa muziki wa kucheza asilazimishe. Wavaa miwani nao wajaribu kwa miwani yao: mwanya mdogo kati ya sponji na shavu unatosha kuimwaga besi nje, na utando wa elektrostatiki, wenye mwendo mfupi, huwa hauna akiba kubwa ya kufidia.

Piga hesabu ya mnyororo mzima

Unaponunua dainamiki, unanunua hedifoni. Unaponunua elektrostatiki, unanunua hedifoni na amplifaya kama kitu kimoja, na bei ya kulinganisha ni ya vyote viwili. Tazama namba za Stax SR-L300: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 101 kwa volti 100. Volti 1 ni pungufu kwa desibeli 40, kwa hiyo kifaa cha kawaida kinachotoa volti 1 kingekupa desibeli 61 tu, yaani sauti ya mazungumzo ya kawaida, na hapo tumeshakikopesha kifaa hicho ile bayasi ambayo hakina. Ndiyo sababu amplifaya za elektrostatiki hutengenezwa kutoa mamia ya volti.

Dainamiki nayo ina hesabu yake, nyepesi zaidi. Angalia omu, yaani kipimo cha ukinzani wa hedifoni kwa umeme. Zenye omu 32 huridhika na simu. Zenye omu 300, kama HD 600, zinataka volti zaidi, na amplifaya ndogo ya mezani inatosha. Kanuni ninayoifuata ni kwamba ukinzani wa mlango wa kutokea wa amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Ukizidi, hedifoni zenye omu zinazopanda na kushuka hubadilika sauti, hasa kwenye besi.

Ushauri wangu kwa mwenye fungu dogo hauna kigugumizi: nunua dainamiki nzuri ya wazi na amplifaya ya heshima, kuliko elektrostatiki ya chini kabisa yenye amplifaya inayohema.

Namna ya kuzilinganisha

Sawazisha ukubwa wa sauti kwanza. Sikio hupenda kinachosikika kwa nguvu, hata kwa tofauti ya desibeli 1, na kuita hiyo ubora. Tumia rekodi ya mtu anayeongea, rudi mara kadhaa kati ya hedifoni hizi na zile mpaka sauti yake ikae umbali uleule, ndipo uweke muziki. Chagua nyimbo unazozijua kwa kichwa, si za maonyesho dukani. Sikiliza kipande kimoja kifupi mara nyingi, kisha albamu nzima bila kusimama. Jaribio la pili ndilo ninaloliamini zaidi, maana uchovu hauonekani katika dakika mbili.

Jihadhari na jambo moja. Elektrostatiki ina mkwaruzo mdogo sana, yaani haiipotoshi sauti sana, kwa hiyo sauti kubwa haikeri, na mkono unapanda wenyewe kwenye kitasa. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima. Kutokerwa hakumaanishi sikio liko salama.

Ukinunua zilizotumika

Dainamiki ni rahisi kukagua: sikiliza kama pande zote mbili zina nguvu sawa, tikisa waya kwenye maungio, tazama sponji. Elektrostatiki inataka subira. Iwashe, iache ichaji dakika kadhaa, kisha cheza sauti ya mono, yaani iliyo sawa pande zote mbili, na usikilize kama inakaa katikati kabisa ya kichwa. Ikielemea upande mmoja baada ya muda huo, utando wa upande dhaifu una kasoro au hauchajiki ipasavyo. Mlio mwembamba au mchakacho usio wa muziki ni dalili ya vumbi, unywele au unyevu. Ukibonyeza kikombe kwa kiganja na kusikia mlipuko mdogo wa hewa, usiogope: utando umegusa bamba kwa msukumo, na kwa miundo mingi ni jambo la kawaida.

Hesabu pini za plagi. Stax za zamani za bayasi ya volti 230 zina pini sita, na za Pro zina tano. Plagi ya pini tano huingia kwenye soketi ya zamani na kucheza, ila sauti hupungua kama desibeli 8 kwa sababu bayasi ni ndogo. Ya pini sita haiingii kwenye soketi ya Pro, na imezuiwa makusudi. Muuzaji akikuonyesha adapta ya kuilazimisha, ikatae. Volti 580 hazikuandaliwa kwa utando ule, na ndani ya kisanduku cha amplifaya kuna volti za kuua, hivyo asiye fundi asikifungue hata kikiwa kimezimwa.

Ukishaipeleka nyumbani, ifunike kwa kitambaa chepesi kila usipoivaa, na usiivae nywele zikiwa na maji.