Kabla hujaleta uhandisi wa mifumo kazini kwenu, cheki haya kwanza

Kama taasisi ina miaka yake inapiga kazi na wewe ndo unataka kuingiza uhandisi wa mifumo, yani ule utaratibu wa kupanga, kuunganisha na kuhakiki mradi mzima tangu mahitaji ya mteja hadi mwisho, tafadhali usianze na templeti wala kununua softiwea. Anza kujua kazi inafanyikaje sasa hivi, yani sio ile ya kwenye manyuali, ile ya kweli, fundi akipewa mchoro una kosa anampigia nani simu na nani anaamua.

Halafu angalia pale timu moja inapoikabidhi nyingine kazi, mambo mengi huharibikia hapo. Chukua chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999 kikiwa ndo kinafika Mars. Softiwea ya mkandarasi Lockheed Martin ilitoa namba za msukumo wa injini kwa pauni (kipimo cha nguvu cha Kiingereza), wenzao wa JPL, maabara ya NASA iliyokuwa inaongoza chombo, wakazisoma kama nyutoni. Wengi wanaijua hadi hapo, ila kinachoniuma mimi ni kwamba waraka wa makubaliano ya vipimo ULIKUWEPO na ulisema watumie metriki, yani hizo nyutoni! Na walioongoza chombo walishaona namba hazikai sawa, wakalisema kwa njia zisizo rasmi, likaishia humo. Kwahiyo kabla hujaandika hati hata moja jiulize nani atahakiki kama inafuatwa, na kijana wa chini akiona kitu hakieleweki atakipeleka wapi na nani analazimika kumjibu. Hili ukilikosa mengine yote unajaza makabati tu.

Bosi naye umwandae mapema, mwambie wazi kwamba mwanzo wa mradi utaonekana unaenda taratibu kwa sababu watu wanakaa kuandika mahitaji ya mteja badala ya kuanza kujenga, asipojua hilo atakukatisha mwezi wa pili.

Usibebe kila kitu pia. Kiwango cha kimataifa cha michakato ya uhandisi wa mifumo, ISO/IEC/IEEE 15288, chenyewe kinaruhusu kupunguza na kurekebisha michakato kulingana na mazingira yenu, na kama hamzidi watu 25 kuna ISO/IEC 29110 iliyotengenezwa kwa ajili ya wadogo. Mradi mmoja unatosha kuanzia, uwe ule unaowasumbua watu kweli, na wazee wa kazi wawemo tangu kikao cha kwanza.

Kingine, rudi nyuma hata miezi mitatu uhesabu kazi ngapi zilirudiwa na kwa nini, andika hata kwenye daftari, manake mwakani watakuuliza hii kitu imesaidia nini na bila hizo namba huna cha kulinganisha.